Yai Lenye Maandishi

Phekni, uliniuliza kwenye simu bwawani kuna nini siku hizi.
Nikasema: maji. Nilikuwa nimechoka.
Kuna sile-maua, wa aina zote mbili.

Mmoja unamjua: mkia kama upanga uliopinda,
kisogo cha dhahabu, na akifungua mbawa
utadhani mtu amekung'uta shuka jeupe.
Hulia kama paka aliyefungiwa nje.
Mwenzake ni mweusi, mgongo wa shaba iliyosuguliwa kwa majivu,
na juu ya jicho mstari wa chokaa, kazi ya mtoto.
Sauti yake? Mlango wa baba yako.

Vidole ni vilevile, virefu kupita haja.
Jani la yungiyungi huinama, halizami.
Mimi nikilikanyaga hilohilo, miiba,
na kuzama ndiyo riziki yangu:
pumzi moja, mkono topeni, mbegu nyeusi kikapuni,
juu. Tena.

Kaka yako Jhabbu anasema ndege ni ndege.
Sikubali. Nimeona mayai.
Ya mwenye mkia yana rangi ya udongo, yanang'aa, hayana neno.
Ya mweusi yamejaa mistari iliyosokotana
kama risiti ya karani mlevi.
Nilishika moja nikajaribu kulisoma,
mimi, ninayetia dole gumba benki!
Nikalirudisha kabla mwenyewe hajaja.

Mwenyewe ni dume. Kwa wote wawili, ni dume.
Jike hutaga manne, akaenda zake
upande wa hekaluni, ana shughuli huko.
Wanawake wanaofua huniangalia, wakaangaliana, wakacheka.
Waache. Ludhiana ni mbali, na sweta hazijifumi zenyewe.

Baridi ikija, yule wa dhahabu hupukutisha mkia,
hufifia, siku moja hayupo.
Mweusi hubaki na mwendo wake uleule.
Nilitaka kukwambia mimi ni huyo.
Lakini juzi maji yalipanda, nikamwona mwenye mkia
akilivuta yai kwa kidevu, kinyumenyume,
jani hadi jani, hatua kwa hatua,
na mweusi amekwapua vifaranga chini ya mbawa,
vidole vyao vinaning'inia nje kama nyuzi.
Nikashindwa kuchagua.

Usiku ule paa lilivuja. Sugiya na Bhikhna wakaingia shukani mwangu.
Asubuhi mama yako akahesabu miguu sita.

Njoo kabla mkia haujadondoka.