Friza ya Bwana Lehtola

Tume yetu ina watu saba, mshahara hakuna.
Tunakutana Jumanne ya pili ya kila mwezi
katika chumba nambari nne cha jumba la manispaa,
ambamo kipasha joto hakina swichi,
nasi hufungua dirisha ili tupumue.
Hilo halimo katika kumbukumbu za mkutano.
Mwandishi ni mimi. Nimeliacha nje mimi.

Januari tulipangiwa Mtaa wa Tamarack,
nyumba thelathini na moja za mbao kuukuu,
theluji magotini, ziwa limeganda hadi upeo wa macho.
Tou Vang alibeba kamera inayoona joto.
Mimi nilibeba udi na kiberiti.
Ukishika kijiti kando ya mlango
na moshi usimame wima, mlango ni mzima;
ukiinama ghafla, kama mtu aliyesikia jina lake,
basi upepo una njia yake hapo.
Usipoziba ufa utajenga ukuta, ndiyo,
lakini huku ukuta ulishajengwa zamani
na ufa ndio unaotumiwa bili.

Mama mmoja alisema ndani kwa ndani, "Sinunui!"
Tukajibu kwenye tundu la ufunguo, "Hatuuzi!"
Tundu nalo lilikuwa linavuja.

Nyumba ya kumi na tisa, Eino Lehtola,
miaka themanini na minne, mwendesha winchi mstaafu.
Soksi za sufu amezisokomeza kwenye kingo za madirisha.
Balbu zote mpya. Moshi wima, chumba hadi chumba.
Na bili yake mara mbili ya jirani.

Tou akashuka ngazi za chini ya nyumba.
Friza: nyeupe iliyogeuka rangi ya jino,
inanguruma peke yake gizani,
inakula kuliko taa, televisheni na pampu kwa pamoja.
Akainua kifuniko.
Barafu. Halafu makopo matatu ya beri za porini,
na juu ya kila moja, kwa wino uliofifia,
*Agosti*, mwandiko wa Irja,
ambaye hajashuka ngazi zile miaka tisa.

Fomu yetu ina safu ya ushauri.
Kwa friza ya umri huo, ushauri umeshachapwa:
zima, toa, badilisha.
Nikaandika pembeni, kwa penseli, *tutarudi*.

Hatukurudi. Alipiga simu yeye, Februari:
"Njooni. Kila mtu na kijiko chake."
Alikuwa ameoka pai, ukoko umeungua upande mmoja.
Beri zilikuwa na ladha ya barafu, ya bati,
kisha, nyuma kabisa ya ulimi, ya jua.
Tulikula watu saba bila kusema kitu,
na Tou, asiyependa vitamu, akaramba sahani.
Mzee akashuka peke yake.
Tukasikia nyumba inaacha kitu
ambacho hatukujua kama tulikuwa tunakisikia.

Saa nane usiku simu yangu ikalia.
"Kimya," alisema. "Hamkuniambia kuhusu kimya."
Kweli, hatukumwambia.
Katika vipeperushi vyetu vyote, rangi nne,
hakuna mstari hata mmoja juu ya kimya.
Nikakaa jikoni, simu sikioni,
yeye anapumua kwake, mimi kwangu.

Baadaye akasema, "Jokofu lako.
Linawaka mara kwa mara mno, nalisikia hadi huku.
Mpira wa mlango umechoka.
Bana noti ya dola katikati, kisha uivute.
Ikigoma, mlango mzima."

Nikatafuta pochi gizani,
nikaibana noti, nikaivuta.

"Enhe?" akauliza, sauti imechangamka.

Ilichomoka kama unyoya, Bwana Lehtola.
Mwandishi wa tume, na ilichomoka kama unyoya.