Supu ya Jirani

Bakuli lako bado kwangu, Hoa.
Jeupe, lina ufa mdomoni, na chini kabisa
samaki wa buluu aliyefutika mkia.
Uliniletea limejaa, siku zile za homa yangu,
ukasema, "Kunywa, kisha uniambie."
Nikasema moyoni bakuli la jirani halirudi tupu,
ngoja nipate cha kutia.
Nikangoja. Mara hamna unga, mara hamna nafasi,
mara haya tu.
Kisha gari ya mradi ikaja asubuhi na mapema
ikachukua mabegi yako na viatu vyako vya bondeni,
vina tope la mpunga bado.

Leo nimeamua.

Toka alfajiri mifupa imo jikoni.
Maji ya kwanza nimeyamwaga, ulivyonifunza.
Bi Mize, mama mkwe wangu, akashika kiuno:
"Mafuta yote hayo unaunywesha mgomba?"
Maji ya pili nimeyasimamia na upawa,
naengua povu, naengua,
makaa nayapunguza moja moja
mpaka sufuria ikawa inapumua tu, haisemi.

Kitunguu na tangawizi nimevitia motoni na maganda yao.
Vikababuka, vikatoa machozi,
na mtaa mzima wa Limbani ukauliza kwa nani kunaungua.
Mdalasini ninao. Karafuu usiniulize,
Wete hata vumbi la mfagio linanukia karafuu.
Nilichokosa ni nyota.
Nikamtuma Shaame dukani kwa Faki:
"Mama ataka nyota za supu."
Faki akatazama dari.
"Mwambie ziko juu, asubiri usiku."
Nikatia shamari. Unisamehe.

Na yale maji yako ya samaki, ile chupa
tuliyokuwa tukimficha Bi Mize asiinuse,
nayo haipo. Nimeroweka kipande cha ng'onda,
nikachuja kwa kanga kuukuu.
Ladha yake iko jirani na ladha yako,
kama tulivyokuwa sisi: ukuta mmoja kati.

Tambi nimezifanya mwenyewe.
Mchele nimeusaga mbichi, uji mwepesi
juu ya nguo niliyoifunga mdomoni mwa sufuria.
Wa kwanza ukachanika.
Wa pili ukachanika.
Wa tatu ukatoka mnene kama sikio la ng'ombe,
nikaukata hivyo hivyo kwa kisu.
"Tambi bila sukari," akasema Bi Mize, "bila nazi, bila iliki?
Na mfungo wenyewe bado?"
Nikachuma mrehani wa uani.
"Huo wa kuvaa!"
Leo, mama, tunauvaa tumboni.

Nilipopanga nyama mbichi,
nyembamba hata kidole changu kinaonekana ng'ambo,
akatoka nje kabisa.
Akarudi wakati namimina.
Akaona nyama inabadilika rangi mbele ya macho yake,
hakuna moto mwengine, supu peke yake.
Akanyamaza.
Bi Mize kunyamaza, Hoa, ni jambo la kuandikiwa barua.

Bakuli lako nimelijaza la mwanzo.
Ndimu, kotmiri, pilipili mbili.
Nikalipeleka kizingitini mwako,
mlango una kufuli ya mwenye nyumba,
nikaliweka pale, mvuke unapanda kwenye mbao.
Shaame akauliza la nani.
"La mwenyewe."
"Mwenyewe yuko wapi?"
Nikajifanya naitazama supu.

Bi Mize akajikokota, akalitwaa kwa ncha ya kanga,
akakaa pale pale mlangoni pako,
akanywa bila kuvuta pumzi
mpaka samaki akaonekana.
"Pilipili haikufika," akasema,
akaninyooshea bakuli.
"Tia tena. Likirudi tupu,
aibu ni ya nyumba yetu."