Akiba ya Mshono

Gauni la kijani nililipunguza mwenyewe
mwaka wa pili baada ya kisu,
katika kiduka changu cha kushonea, Spital Hill, Sheffield,
mvua ikiparuza kioo, mabasi yakipanda mlima kwa kukoroma.
Inchi nne kila ubavu.
Mkasi nilikuwa nao mkononi.
Sikukata.
Kitambaa cha ziada nilikikunja ndani, nikakipiga bandi,
nikajiambia ni mazoea ya kazi tu:
fundi hakati asichoweza kurudisha.

Siku hizo tumbo langu lilikuwa kikombe cha kahawa.
Vijiko vitatu vya supu, basi, Alhamdulillahi.
Kipande cha halua kilinitoa jasho, kikanilaza sakafuni,
moyo ukienda kama cherehani iliyokatika mkanda wa akili.
Kilo mia na thelathini na moja zikashuka hadi sabini na tisa,
na simu za nyumbani hazikunyamaza:
Mbona umekonda? Unaumwa nini? Tuambie tu, sisi ni damu moja.
Shangazi Mwanakombo alilia alipoona picha.
Nami nilikuwa mbele ya kioo cha wateja,
nimejishika mfupa wa bega
kama mtu aliyeokota ufunguo wake.

Mwaka wa nne njaa ilirudi.
Haikubisha hodi. Kumbe nayo ilikuwa na ufunguo.
Haikuja na pilau wala nyama; hizo tumbo dogo lilizikataa.
Ilikuja na biskuti za chai, saa sita usiku,
zinalowa, zinalainika, zinapita
bila kumwamsha bawabu.
Mbili. Nne.
Karatasi ya pakiti naikunja, naikunja tena,
naificha chini ya vipande vya vitambaa,
mimi ninayeishi peke yangu.
Namficha nani?

Harusini kwa Ruwaida wanawake walinipokea kwa vigelegele:
Mashallah, umenawiri! Mwili umerudi!
Kwa lugha yetu hiyo ni pongezi.
Niliipokea kwa mikono miwili,
nikaenda nayo chooni, nikakaa juu ya kifuniko
mpaka ngoma ikabadilika.

Jumanne muuguzi Maureen kanipima: tisini na sita.
Nilisubiri uso wake ukunjamane. Haukukunjamana.
Alisema mwili hukumbuka uzito wake wa zamani
na kuupigania. Nikamwona huyo mwili,
mpangaji aliyetolewa nje na vyombo vyake,
anarudi usiku kujaribu madirisha.
Akaniuliza nalala saa ngapi. Nakula na nani.
Hilo la pili sikulijibu.

Njiani nikaikumbuka methali: kuteleza si kuanguka.
Aliyeisema hakuwahi kuupanda mlima huu Januari.
Hapa anayeteleza anaanguka,
tena mbele ya watu,
kisha anaokota malimau yake barabarani
na kuendelea kupanda, maana nyumba iko juu.

Leo nimelitoa gauni la kijani.
Nafumua. Uzi wa zamani unakatika, tik, tik,
na kitambaa kilichofichwa miaka sita
kinatoka na kijani chake cha mwanzo,
kimekolea kuliko kile kilichopigwa na jua.
Inchi mbili tu kila ubavu. Mbili zinabaki ndani.
Sijui kama ni za kurudi nyuma au za kwenda mbele.
Pasi ya mvuke haifuti vitundu vya sindano ya zamani;
mwenye jicho la fundi ataviona.
Avione.

Akiba haiozi, walisema, nao walikusudia pesa.

Saa mbili usiku. Nimechemsha mayai mawili, nimekata nyanya.
Nimempigia Zuwena wa mlango wa pili,
nikamwambia sitaki kula peke yangu.
Alinyamaza kidogo, kwa kuwa sijawahi kumwambia hivyo.
Kisha akasema anakuja,
ila anatafuta viatu.