Timazi Mbili

Kamukunji hatulitaji jua, tunalivaa.
Linakaa juu ya mabati, juu ya shingo,
juu ya masanduku ya shule ninayoyagonga mwaka mzima,
na jina letu sote ni lake: jua kali.
Lakini kulipima, sijawahi.

Kwamboka, binti yangu, alikuja Machi, tarehe ishirini na moja,
sare bado mwilini, daftari la miraba kwapani,
akaniomba paipu ya mita mbili.
"Iliyonyooka, baba. Siyo zile za kuuza."

Nikaisimamisha. Nikaning'iniza timazi,
ile nati nzito kwenye uzi wa nailoni,
tukangoja iache kuzunguka, kisha wingu lipite.
Saa saba kasoro dakika ishirini
(maana saa ya mkononi, aliniambia, si saa ya jua)
kivuli kikajikunyata mguuni mwa paipu
kama paka aliyeona maji,
kikabaki sentimita nne na nusu,
kichwa kikielekea Muthurwa.

Hapo akachomoa simu mfukoni mwangu
akampigia Ombati, Nanyuki.
Mwashi. Ndugu yangu.
Mwaka wa tatu hatujasalimiana,
tangu tulipogawana shamba la marehemu
na kila mmoja akaapa kigingi chake ndicho kilicho sawa.
"Baba mdogo, paipu yako ina kivuli?"
Nilisikia upepo, kuku, mtu akikohoa.
"Haina," akasema. "Nimeizunguka mara mbili. Hakuna kitu."

Hesabu yake ilikuwa fupi kuliko risiti.
Aliiandika kwa chaki juu ya sanduku lisilopakwa rangi:
kivuli kinaingia ndani ya paipu
mara arobaini na nne na ushei.
Toka hapa hadi Nanyuki, kwa rula juu ya ramani,
si kwa barabara inayozunguka Karatina,
ni kilomita mia moja arobaini na tatu.
Basi zidisha.
Elfu sita, mia tatu hamsini na kitu:
huko chini ndiko timazi yangu na ya Ombati,
zikiachiwa zishuke, zipite mwamba, zipite moto,
zitakutana.

Miaka thelathini naapa kwa timazi.
Sikujua nguzo mbili zaweza kunyooka,
hata moja isiseme uongo,
na bado vichwa vyake vikaepukana.

Mulwa, afuaye karai kibanda cha pili, akaweka nyundo chini.
"Dunia ni bati," akasema, "tena geji thelathini.
Jua likiwa karibu, kama taa ya kibanda,
hata bati litatoa kivuli hicho hicho."
Tukacheka. Kwamboka hakucheka.
Akatafuna kalamu, akafuta neno "jibu",
akaandika: Mulwa ana hoja. Vijiti viwili havitoshi.
Cha tatu kiwe mbali, kusini kabisa,
pale ambapo bati na mpira havitakubaliana.
"Baba, nani tunamjua Johanesbagi?"

Sikumjua mtu.
Sanduku lile sijalipaka rangi mpaka leo,
mteja amelilalamikia mara mbili.

Usiku simu ikalia. Ombati.
Shamba hakulitaja.
"Ile hesabu ya mtoto," akasema, "imefika wapi?"
Nikamwambia: bado kijiti kimoja.