Nimemsindikiza Tu

Nsimire hakulia. Watu walingoja alie
wapate la kumfariji.
Alimlaza Akonkwa, ana siku tisa duniani,
akageukia ukuta, akahesabu matone ya bati
hadi maziwa yakalowesha blauzi
na sauti ikamkauka mtoto.

Mama mkwe: amerogwa. Jirani: anadeka.
Mimi nikambeba mtoto, nikamshika dada mkono,
tukashuka ngazi za udongo za Kadutu
polepole, kama wawili walioshika ndoo moja.

Muuguzi alikuwa na daftari la miraba
na maswali mepesi mno. Tangu lini?
Usingizi je? Chakula kina ladha?
Kuna ulichokipenda ambacho sasa hukitaki?

Nsimire kimya. Mimi, nyuma yake,
nikajibu moyoni, bila kuombwa.

Tangu lini? Tangu sare ya shule, labda.
Yangu haikuniangusha kitandani.
Naamka saa kumi na moja, nauza vitenge,
napunguza bei, nacheka na wateja mpaka wanarudi,
na sambaza mdomoni ni karatasi.
Nilidhani ndiyo utu uzima.

Na baba? Hajasema hata siku moja "nina huzuni."
Husema "nani kahamisha bisibisi yangu?"
na nyumba nzima huhema kwa zamu.
Saa tisa za usiku utamkuta
anafungua redio isiyoharibika.

Na binamu Murhula, mwezi ule alipokopa
akanunua viti kumi na vinane vya ukumbi asio nao,
akaoga ziwani usiku wa manane, akatuamsha wote atuhubirie.
Tukasema, Mungu amemfungulia.
Mwezi uliofuata alishindwa kufunga kamba za viatu.
Viti vipo bado uani. Vinanyeshewa.

Muuguzi akaandika neno mbele ya jina la dada:
sonona.
Ina sura nyingi, akasema, hii ya uzazi inatibika,
mrudishe Alhamisi, na asiachwe peke yake.
Nikalitazama lile neno, fupi,
o zake mbili zimenikodolea.
Lilikuwa pana kuliko nyumba yetu.

Kisha akanigeukia. Na wewe, mama?

Mimi? Mimi nimemsindikiza tu.

Akonkwa alikuwa amenishika kidole.
Muuguzi hakufunga daftari.