Kichupa cha Tisa

Nimepewa kazi hii kwa sababu ya mwandiko.
Bwana Shekigenda wa ofisi ya Bonde alisema,
"Mama Kilua, herufi zako zimenyooka,"
akanikabidhi peni ya wino usiofutika
na vichupa tisa ndani ya boksi la barafu.

Tulianzia darajani Korogwe, tukashuka na mto.
Yeye anainama, anachota, anafunga kifuniko;
mimi naandika: tarehe, saa, mahali, rangi, harufu.
Rangi imepewa kijistari kifupi kama kucha.
Harufu, kifupi zaidi.

Hajui kwamba mto huu nimeuchafua mimi.
Miaka kumi na tisa nimesimama kwenye korona
nikiilisha mashine majani ya mkonge,
singa zikitokea huku, nyeupe, zikienda kuanikwa,
na kule nyuma, mferejini,
makapi na maji ya kijani yakishuka
usiku na mchana,
yakifura povu kama sufuria la maharage.
Hakuna aliyetuambia habari za mto.
Tuliambiwa tani.

Na kuna jambo ambalo fomu haikuliwekea mahali:
povu lile lilikuwa mshahara.
Mto ukinuka, maduka ya Manundu yalitukopesha.
Mto ukinuka, watoto walikwenda shule na viatu.
Kambale walielea midomo juu wakitafuta pumzi,
tukawaokota kwa mikono, tukasema riziki.
Watoto walioga, wakajikuna hadi usingizi ukawachukua.
Tukawapaka mafuta ya nazi.
Tukaenda zamu.

Kisha bei ya katani ikaanguka, korona ikanyamaza.
Wiki ya tatu nilishuka na ndoo
nikaziona kokoto chini, moja moja,
nikauona mguu wangu wote hadi vidoleni.
Nilikaa juu ya jiwe nikalia.
Maji yalikuwa safi
kama sahani isiyopakuliwa kitu.

Sasa mashine inanguruma tena, ina wenyewe wapya,
na Serikali nayo imekuja na yake:
mabwawa matatu ya kutuamisha uchafu,
faini kwa atakayezidisha kipimo,
vibarua wa kuzoa makapi ya enzi zetu
yaliyoshikamana ukingoni mpaka yanakatwa kwa shoka
(mwanangu Mbwambo yumo, analipwa kwa siku
kuyatoa niliyolipwa kuyatia),
na vigingi vyeupe, mita sitini kutoka majini.
Kimoja kimesimama katikati ya mchicha wa Bi Semeni,
ambaye hajapata kumiliki hata mashine ya kukunia nazi.
Amekifunga kamba, anaanikia kanga.
Shekigenda alikiona.
Akageuka kutazama ndege.

Kichupa cha nane tulikijaza chini ya mabwawa.
Alikiinua juani akacheka
kama baba aliyeliona jino la kwanza la mwanawe.
"Tazama, mama!"
Nilitazama. Mwanga ulipita hadi upande wa pili,
nikaviona vidole vyake vimekuwa vinene kwa nyuma.
Nilifurahi, wallahi nilifurahi,
ila tumbo langu, kwa mazoea yake ya kale,
likajikunja.
"Unaumwa?"
"Hapana. Nipe kichupa niandike."

Cha tisa tulikichota pale mfereji wa zamani unapoingilia.
Mabwawa hayajaufikia; anasema bajeti ijayo.
Rangi: chai ya rangi.
Harufu.
Nilisimama na ile peni
hadi akaniuliza kama wino umekwisha.
Nikaandika: *tarehe ishirini na tano, jioni.*

Alisoma. Akasoma tena.
Akajipapasa mifuko kutafuta kitu cha kufutia,
akakumbuka ni wino wa namna gani.
Hakuniuliza maana yake.
Alikilaza kichupa kwenye barafu pamoja na wenzake,
kwa upole, maandishi yakiwa juu,
akafunga boksi,
tukapanda kuelekea barabarani, yeye mbele na mzigo,
mimi nyuma, mikono yangu mitupu
ikiwa na wino.