Somo la Tatu

Alhamisi, saa kumi na moja, jua limeshakata tamaa
na moshi wa makaa ya mawe umelala juu ya Ulaanbaatar
kama mgonjwa asiyetaka kugeuzwa.
Nashuka basi mwisho wa njia, napanda kilima,
daftari ndani ya koti, kifuani, kalamu pia, wino usigande.
Masomo saba. Kanisa limenipa mimi, Enkhjin, mshona sweta,
miaka ishirini na sita, nimlee
Gombosuren, dereva wa lori, miaka hamsini na minane,
mtoto mchanga.

Ndivyo alivyosema mchungaji: mtoto mchanga.
Tulimbatiza Julai katika birika la kuogeshea kondoo.
Aliibuka akipiga chafya, akaniuliza
kama maji yale yanatakiwa kuuma puani.
Nikasema ndiyo.
Sikujua. Nilisema tu ndiyo.

Somo la kwanza, sala.
Nikamwambia afumbe macho. Akasema dereva hafumbi macho.
Basi akasali akiutazama mlango,
kwa sauti ya redio ya upepo, ile ya malori jangwani usiku:
"Mungu, hapa Gombosuren. Makaa yapo. Goti linauma.
Asante kwa chai. Zamu yako."
Kisha kimya.
Nikaingoja Amina. Haikuja.
Alikuwa ameinamisha sikio upande wa jiko,
dakika moja, ya pili, mpaka nikakohoa.
Mzee, nikasema, sisi tunamalizia na Amina.
Akaiandika kwa herufi kubwa, kama namba ya gari,
na tangu siku ile anasema Amina
na hasikilizi tena.
Hilo ni langu. Hilo nitaulizwa.

La pili, mkate na kikombe, lilipita salama.

La tatu, kusamehe.
Nilisoma aya, nikafafanua, nikajisikia mwalimu.
Akavua miwani iliyofungwa kwa uzi.
Akanisimulia Januari moja, barabara ya mgodini,
nyuzi arobaini chini ya sifuri,
na Luvsan, mdogo wa marehemu mkewe,
aliyeng'oa betri ya lori usiku akaiuza kwa chupa mbili za pombe.
Alitembea mpaka kulipokucha.
Akaniinulia mkono wa kushoto: vidole vitatu.
"Nataka kuelewa," akasema. "Nimsamehe mtu peke yake,
au na betri pia?"

Nikafungua ukurasa wa pili.
Pale chini, kwa mwandiko wangu mwenyewe:
*toa mfano kutoka maishani mwako.*
Mama yangu yuko Darkhan. Siku niliyobatizwa
aliishusha picha yangu.
Huo si mfano. Huo ni msumari uliobaki ukutani.
Nikasema, tutaendelea wiki ijayo.

Wiki ijayo ndiyo leo.
Nasukuma mlango wa hema, moto unanguruma,
na pale penye kitanda cha wageni ameketi mtu mwembamba,
koti limefungwa hadi kidevuni,
bakuli la chai ya chumvi likitetemeka mikononi.
Hakuna anayesema neno. Gombosuren anaongeza makaa.
Ananisukumia kigoda. Anakunja paji la uso
kama mtu anayepanda mlima na gia mbovu.
Daftari sikulitoa.

Aliponisindikiza alijifanya anakagua mnyororo wa mbwa.
"Sijamsamehe," akasema. "Usije ukaandika huko
kwamba nimesamehe.
Makaa yalimwishia. Ana baridi."
Akarudi ndani, akainama mlangoni,
nami nikabaki na somo la nne mkononi, halina pa kushika.

Sasa niko kituoni. Basi halionekani.
Mbwa wa kilima hiki wanajibizana na wa kile.
Ndani ya simu namba yake bado imeandikwa Mama, basi.
Sijapiga.
Ila nimesema kwa sauti, macho wazi, nikiitazama barabara:
Hapa Enkhjin. Vidole vinauma.
Zamu yako.

Amina sijaisema bado.